Uraibu wa intaneti: Simu inapokula usingizi wa kijana

Vifurushi vya intaneti vya usiku mara nyingi huuzwa kwa bei nafuu kuliko vya mchana. Kwa kijana wa kijijini asiye na hela nyingi, hiyo ndiyo nafasi ya kuangalia video, kucheza gemu au kubeti hadi jogoo awike. Asubuhi anakwenda shambani au shuleni akisinzia. Mzazi anasema ni uvivu. Huenda si uvivu.

Je, ni ugonjwa?

Shirika la Afya Duniani, WHO, halijauweka uraibu wa intaneti wenyewe katika orodha yake ya magonjwa. Hata hivyo, orodha mpya iitwayo ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, inatambua uraibu wa michezo ya kompyuta na simu, pamoja na uraibu wa kamari.

Dalili kuu ni tatu: mtu anashindwa kujizuia, mchezo unatangulizwa kuliko mambo mengine ya maisha, na anaendelea hata akiona madhara. Kwa kawaida hali hiyo huwa imedumu miezi 12 au zaidi, na imevuruga familia, masomo au kazi.

Kwa hiyo, kushika simu saa nyingi peke yake si ugonjwa. Mfanyabiashara anayefuatilia bei za mazao kutwa nzima si mraibu.

Ubongo unanaswa vipi?

Mvuvi hajui samaki atakula chambo saa ngapi, ndiyo maana anatupa ndoano tena na tena. Simu hufanya kazi hivyo hivyo. Video tisa zinachosha, ya kumi inafurahisha. Mikeka mingi inachanika, mmoja unalipa. Furaha isiyotabirika huchochea kemikali ya ubongo iitwayo dopamini, na mtu hutaka kujaribu tena. Tofauti ni kwamba mvuvi hurudi nyumbani, lakini video moja ikiisha nyingine inaanza yenyewe.

Gharama kubwa iko kwenye usingizi. Kijana wa umri wa sekondari anahitaji kulala saa 8 hadi 10, na ni usingizini ubongo huimarisha yale aliyojifunza mchana. Akikosa usingizi, kumbukumbu na umakini hupungua, na hasira huwa karibu.

Kipi kilianza?

Sonona na wasiwasi huonekana mara nyingi kwa watu waliozidisha matumizi ya intaneti. Lakini wataalamu hawajakubaliana kipi huzaa kingine. Mara nyingi ni mzunguko: mwenye upweke hukimbilia simu, simu humnyima usingizi, na kukosa usingizi humzidishia huzuni.

Ndiyo maana amri peke yake haitoshi. Mwaka 2011, Korea Kusini ilipiga marufuku watoto wa chini ya miaka 16 kucheza michezo ya mtandaoni kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Sheria ililenga zaidi kompyuta, huku watoto wakihamia kwenye simu. Mwaka 2021 serikali iliamua kuiondoa.

Tufanye nini nyumbani?

Simu zote, pamoja na za wazazi, zilale sebuleni na si kitandani. Mtoto hatatii kanuni ambayo baba yake anaivunja. Zima milio ya ujumbe wakati wa kusoma. Nunua kifurushi cha mchana, hata kama kinatoa MB chache.

Kijana akianza kukopa ili abeti, akijitenga na wenzake au akikosa usingizi kwa wiki kadhaa, mpeleke kituo cha afya mkaongee na mhudumu. Akizungumzia kujidhuru, msisubiri hata siku moja.

Na kabla ya kumnyang'anya simu, kaa naye umuulize: ni kitu gani anakikimbia? Jibu lake laweza kuwa ndiyo mwanzo wa tiba.