Anayekimbia Ushahidi ni Nani?
Wenzetu wanatuambia mtumishi wa umma anayepinga kortini kufutwa kazi kwa tuhuma za ufisadi anaficha wizi, hivyo Mahakama ya Kazi impe kisogo. Lo! Ibara ya 236 ya Katiba ya Kenya ya 2010 yakataza kumwadhibu bila kufuata sheria. Hiyo si hisani ya jaji. Wanalalamikia upole wa sheria? Sheria ya ufisadi ya 2003 humsimamisha kwa nusu mshahara tangu siku ya kushtakiwa.

Kichekesho ni kusema asiye na hatia haogopi barua ya kufutwa kazi. Karani wa Likoni akifutwa kabla ya kusikilizwa, na aliyetia sahihi ni bosi yuleyule aliyeidhinisha malipo yanayotiliwa shaka, asiogope vipi? Faili imejaa ushahidi, mwasema. Basi mwiteni ajitetee, mumsomee.