Nani Atapeleleza, Kama Si Watoto Wetu?



Kila mwaka parokia zetu huwakusanya vijana waliomaliza shule, ili waelezwe juu ya kazi za kuchagua maishani. Huitwa daktari, mwalimu, mhandisi, na sista mmoja wa kuzungumzia miito. Mpelelezi haitwi. Kijana akithubutu kusema kwamba angependa kazi ya upelelezi, wazee huguna, na mama yake huinamisha uso kana kwamba mwanawe ametangaza kuwa mwizi. Twasema waziwazi kwamba haya hiyo ni ya uongo, na matunda yake tunayazika wenyewe.

Tumkumbuke Padre John Kaiser wa Shirika la Mill Hill. Mwaka 1999 alitoa ushahidi mbele ya Tume ya Akiwumi juu ya mapigano ya kikabila na wananchi waliofukuzwa mashambani mwao. Tarehe 24 Agosti 2000 maiti yake ilikutwa kando ya barabara karibu na Naivasha, na bunduki karibu naye. Wapelelezi wa FBI walitoka Marekani kuja kusaidia, na ripoti ya mwaka 2001 ikasema kwamba alijiua. Kanisa lilikataa. Ikatubidi kungoja hadi mwaka 2007, ndipo hakimu, baada ya kuwasikiliza mashahidi hadharani, akaamua kwamba Padre aliuawa. Hata hivyo, hadi leo hakuna aliyehukumiwa kwa damu ile.

Tulisali, tuliandamana, tulitoa matamko, na yote yalikuwa mema. Lakini tamko halipimi njia ya risasi, wala maandamano hayahifadhi nguo yenye damu ili ifike kwa Mkemia wa Serikali bila kuchezewa. Hayo hufanywa na mtu mwenye ujuzi, tena siku ile ile ya kwanza. Asipokuwapo, au akiwapo naye amenunuliwa, miaka saba ya kilio haiwezi kurudisha saa moja iliyopotea.

Tazameni sasa kesi nyingine. Mwezi wa Juni 2016 wakili Willie Kimani aliuawa pamoja na mteja wake, Josephat Mwenda, na dereva wao, Joseph Muiruri. Mwenda alikuwa amemshtaki afisa wa polisi. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliwatia hatiani maafisa watatu wa polisi na mtoa habari wao mmoja. Haki ilipatikana kwa sababu wako watu walioifanya kazi ya upelelezi hata ilipowaelekea wenzao.

Mtatujibu kwamba polisi ni wala rushwa. Je, nani huwalisha? Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha uajiri wa makurutu wapatao 10,000 kwa sababu ya ufisadi na kasoro nyinginezo. Rushwa ya namna hiyo haipokelewi bila mtoaji. Mzazi anayeuza ng'ombe ili mwanawe apate nafasi, kisha Jumapili akapanga mstari wa komunyo, asishangae kijana huyo akianza kazi kwa kurudisha gharama. Askari walipomwendea Yohane Mbatizaji kumwuliza wafanye nini, hakuwaambia waiache kazi yao. Aliwakataza kunyang'anya watu na kuwasingizia, akawataka watosheke na mshahara.

Wala upelelezi si bunduki na sare tu. Idara ya Upelelezi wa Jinai hupata watu wake kutoka katika polisi, ni kweli; lakini Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi inahitaji wahasibu na wanasheria, na ile mamlaka ya IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, huwachunguza polisi wenyewe. Yuko pia mkaguzi wa hesabu za serikali, yuko mtaalamu wa maabara, yuko mwandishi wa habari anayefuatilia hati za ardhi. Binti yenu anayependa hesabu aweza kuwa tishio kwa wezi wa fedha za umma kuliko askari kumi.

Hatusemi kwamba kazi hii ni salama. Mpelelezi mwaminifu huhamishwa, hutishwa, na pengine hukaa miaka bila kupandishwa cheo. Ndiyo sababu hafai kuachwa peke yake na jumuiya yake.

Someni tena sura ya 13 ya kitabu cha Danieli. Umati mzima ulikuwa umekwisha kumhukumu Susana afe, kwa kuwaamini wazee wawili wenye heshima. Kijana Danieli hakutosheka na machozi. Aliwatenganisha wale mashahidi, akamwuliza kila mmoja ni chini ya mti gani waliyaona hayo, nao wakataja miti tofauti. Swali moja lililoulizwa vizuri liliokoa uhai.

Basi viongozi wa walei, mtakapoandaa siku ya vijana, mwiteni mpelelezi mmoja mwenye sifa njema. Waulizeni majirani zake kwanza. Nasi mapadre tuungame kosa letu: tumetia sahihi barua za mwenendo mwema kwa vijana tusiowajua, ili tu wazazi waondoke mlangoni. Kuanzia uajiri ujao, barua hiyo itatolewa baada ya jumuiya ndogondogo ya kijana kuulizwa, na mzazi atakayejulikana kuwa ametoa fedha hataipata, hata akiwa mwenyekiti wa parokia.