Nani Amlipe Mwandishi wa Safari?

Wahenga walisema, mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Methali hii hutajwa sana na wale wanaoisifu kazi ya kuandika habari za safari. Machoni pao mwandishi wa safari ni mtu mwenye bahati kupita watu wote: huona nchi za watu, hula vyakula vigeni, hulala leo mjini na kesho kando ya ziwa, na mwisho wake hupewa fedha kwa sababu ya kujifurahisha. Vijana wengi huitamani kazi hiyo, nasi hatuwalaumu. Lakini tunapenda wanachama na wafanyakazi walitazame jambo hili kama wanavyotazama kazi nyingine yoyote, yaani waulize kwanza: mwajiri ni nani?

Kazi yenyewe si lelemama. Mwandishi wa safari aliye mkweli huamka kabla ya jogoo ili asiachwe na basi. Siku nzima hukaa juu ya kiti kigumu, vumbi likimjaa kooni, naye hana ruhusa ya kusinzia, kwa kuwa njia aliyoipita amelala hawezi kuiandika. Wenzake wakifika huoga wakapumzika. Yeye huanza kuuliza bei ya unga, jina la mto, mwaka daraja lilipojengwa, na sababu ya zahanati kufungwa mchana. Usiku huandika hayo kabla hayajamtoka. Akirudi nyumbani safari imekwisha, lakini kazi ndiyo kwanza imeanza, maana siku tatu za njiani zaweza kumgharimu wiki mbili mezani.

Na malipo yake ni nini? Wengi hulipwa kwa makala moja moja, tena baada ya makala kuchapwa. Nauli, chakula na malazi hutoka mfukoni mwao kwanza. Hawana mkataba, hawana likizo, wala akiba ya uzee. Akiugua homa njiani, ugonjwa ni wake, na makala isiyoandikwa hailipwi. Kibarua wa bandarini ataitambua hali hii mara moja, maana anaijua.

Hapo ndipo anapotokea mwenye hoteli. Humwandikia mwandishi barua ya upole, humpa tiketi ya ndege, humlaza katika chumba kinachotazama bahari, humlisha samaki na nanasi, wala hamdai hata senti moja. Siku hizi hata mtu asiye na gazeti, mwenye simu ya kupigia picha na wafuasi wengi mitandaoni, hualikwa vivyo hivyo. Hakuna anayemwambia aseme uongo, wala haja hiyo haipo. Mkono mtupu haulambwi, na aliyekwisha kuulamba mkono uliojaa huona haya kuuma. Mgeni wa namna hiyo ataandika juu ya mchanga mweupe. Hataandika mshahara wa mpishi aliyemkaangia samaki, wala saa alizosimama mhudumu wake, wala kama wavuvi wa kijiji kile wangali na njia ya kufikia pwani yao. Kosa lake ni kunyamaza. Mwaka 2023 Tanzania ilipokea wageni kutoka nchi za nje zaidi ya 1,800,000. Kila mgeni mmoja alipikiwa, alifuliwa shuka, aliendeshwa na kubebewa mizigo. Watu waliofanya kazi hizo wakikosekana katika maandishi ya safari, msomaji huuziwa nchi isiyo na watu.

Jambo hili halikuanza jana. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alifika Ujiji akiwa ametumwa na gazeti la New York Herald kumtafuta Livingstone. Gazeti lilitaka habari ya kishujaa ya kuuza, nayo ikapatikana. Kitabu chake kilitoka mwaka 1872. Humo Stanley mwenyewe anaeleza bila aibu jinsi alivyowachapa watu wa msafara wake viboko na kuwafunga minyororo waliotoroka. Aliyelipia safari hakukerwa, maana hakuwa ameagiza habari za wapagazi. Katika msafara ule alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, ambaye kabla ya hapo alikuwa amekwisha kusafiri na Burton na Speke. Mabwana wale wote waliandika vitabu vyao. Bombay hakuandika chake.

Livingstone alipofariki mwezi Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, Abdullah Susi, James Chuma na wenzao waliubeba mwili wake kwa miguu hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Baadaye wawili hao walipelekwa Uingereza, wakamsaidia Horace Waller kutengeneza kitabu cha kumbukumbu za mwisho za bwana wao, kwa kuwa wao ndio walioijua njia na mambo yaliyotokea. Kitabu kikatoka mwaka uleule. Elimu ya safari ile ilikuwa vichwani mwa wapagazi. Jina la kitabu na sifa yake vikaenda kwingine.

Hata hivyo wako wa kwetu walioyasimulia wenyewe waliyoyaona. Salim bin Abakari alikuwa mtumishi wa Mjerumani aliyeitwa Bumiller. Mwaka 1896 alimfuata bwana wake mpaka Urusi na Siberia, naye akazieleza nchi hizo kwa Kiswahili. Maelezo yake, pamoja na ya Selemani bin Mwenye Chande na ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, yalichapwa huko Göttingen mwaka 1901 katika kitabu Safari za Wasuaheli, kilichokusanywa na Carl Velten. Tazameni ajabu hii: miaka ileile Wazungu walipokuwa wakiandika juu yetu, mtu aliyekwenda Ulaya kama mtumishi alikuwa akiwatazama wao na kueleza habari zao.

Martin Kayamba naye alikuwa karani. Mwaka 1922 alianzisha mjini Tanga chama cha Waafrika waliokuwa watumishi wa serikali ya Tanganyika, na chama hicho huhesabiwa kuwa mmoja wa mizizi ya African Association ya mwaka 1929, na kwa njia hiyo ya TANU ya mwaka 1954. Mwaka 1931 aliitwa London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza iliyochunguza shauri la kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Akaandika kitabu, Tulivyoona na Tulivyofanya Ingereza. Alikwenda kwa wito wa wakoloni, na msomaji hana budi kulikumbuka hilo anapokisoma. Lakini faida yake haikanushiki: karani wa Tanga aliweza kusoma kwa Kiswahili, kutoka kwa karani mwenziwe, jinsi nyumba ya mtawala ilivyokuwa ndani.

Wako watakaotujibu kwamba magazeti yetu hayana fedha za kumpeleka mtu safarini, na kwamba bila ya mwenye hoteli hakutakuwa na habari za safari hata kidogo. Jibu letu limo katika mifano hiyo. Susi, Chuma, Salim na Kayamba hawakuondoka makwao ili waandike. Kazi ndiyo iliyowapeleka. Na leo kazi inawapeleka wengi zaidi. Madereva wa malori hutoka Dar es Salaam hadi Lubumbashi. Mabaharia hupita bandari ambazo sisi tunazisoma kwenye ramani tu. Wafanyakazi wa TAZARA wanaijua reli ile ya kilomita 1,860, iliyojengwa kuanzia mwaka 1970 hadi 1975, nao wanaweza kutueleza kwa nini sehemu ya kutoka Mlimba hadi Makambako iliwatoa wajenzi jasho kuliko sehemu nyingine. Safari za watu hawa zimekwisha kulipiwa. Kilichobaki kulipiwa ni uandishi.

Chukueni mfano wa meli ya Liemba. Mwandishi aliyealikwa atatuandikia jua likizama katika Ziwa Tanganyika. Fundi wa mitambo atatueleza kwamba meli ile ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa bahari na kwa reli hadi Kigoma, ikateremshwa ziwani mwaka 1915. Kwamba Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Ataongeza jinsi abiria wa vijiji visivyo na gati walivyoteremkia katika mashua usiku, mama akiwa na mtoto mgongoni na gunia la dagaa mkononi. Habari hiyo ya pili ina uzuri wake, na juu ya uzuri ina swali: kwa nini gati zilichelewa miaka mingi namna ile?

Kwa hiyo tunasema mambo matatu. Kwanza, kila gazeti linalochapa habari za safari, hili letu likitangulia, lieleze chini ya makala ni nani aliyelipa nauli na malazi. Msomaji akijua hivyo, atapima mwenyewe. Pili, mwandishi alipwe na gazeti kwa kazi yake, kwa makubaliano yaliyoandikwa, tena kwa wakati. Anayecheleweshewa ujira wake ndiye anayesukumwa mlangoni kwa mwenye hoteli. Tatu, matawi ya Chama na vyama vya wafanyakazi yawahimize madereva, mabaharia, wauguzi na mafundi kuandika waliyoyaona kazini, yawasaidie kusahihisha, na yahakikishe kwamba jina la aliyesafiri ndilo linalokaa juu ya maandishi.

Tunakubali kwamba malipo ya kazi hii si fedha peke yake. Mtu aliyefika Kigoma, akarudi Songea na kuwaeleza wenziwe kwa haki, amewafanya watu wa pande mbili kuwa majirani, na hiyo ni thawabu kubwa. Lakini thawabu haimlipii mtu nauli ya kurudi, wala haimsomeshei watoto. Wasomaji wanaotaka mwandishi awatazamie mambo yao njiani hawana budi kumlipa wao, kabla hajalipwa na mwingine.