Goti likialika, usikunje mkeka

Huenda nawe umeamua kwamba sasa lazima mwili ufanyishwe kazi. Ukatandika mkeka sebuleni alfajiri, watoto wakiwa bado wamelala, ukachutama mara ya kwanza na goti likaalika ko! kama kijiti kikavu kilichokanyagwa. Ukachutama tena, ko! Ukaingiwa na hofu, ukakunja mkeka.

Ndivyo ilivyomtukia mama mmoja, jirani yangu hapa Nairobi. Daktari alikuwa amempata na shinikizo la damu, akampa vidonge na kumshauri afanye mazoezi. Siku ya tatu akaacha. Shoga yake alikuwa amemweleza kwamba mafuta ya magoti yamekwisha, na kwamba akiendelea mifupa itasagana mpaka iishe. Basi akawa anakunywa supu ya kwato na kukaa. Miezi minne baadaye presha ilikuwa imepanda zaidi, na magoti yalikuwa yakialika vile vile.

Supu ya kwato ni tamu, na mimi mwenyewe siiachi. Lakini hakuna mfereji unaoitoa tumboni na kuimimina gotini.

Kiungo cha mwili kimezungukwa na mfuko mwembamba wenye ute wa kukilainisha. Ndani ya ute huo mna hewa iliyoyeyuka, kama ilivyo katika soda kabla chupa haijafunguliwa. Kiungo kikivutwa kwa ghafula, nafasi ndani yake huongezeka na hewa hujitenga na ule ute. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta nchini Canada walivipiga picha vidole kwa mashine ya MRI vikialishwa, wakaona uwazi ukitokea ndani ya kiungo wakati ule ule wa mlio. Hii ndiyo sababu kidole ukishakialisha hakialiki tena mpaka dakika 20 hivi zipite.

Goti linaloalika kila unapochutama ni jambo tofauti kidogo. Mara nyingi ni kano inayoteleza juu ya mfupa, au ile pia ya goti inayosugua mfupa wa paja ikipanda na kushuka, na ukiweka kiganja juu yake utahisi kama mchanga. Watu wengi wasioumwa na chochote wana magoti ya namna hiyo. Langu la kulia limekuwa likilia tangu nikiwa shule ya upili.

Yuko daktari wa Marekani, Donald Unger, ambaye mamake alimwonya kuwa kualisha vidole kutamletea ugonjwa wa viungo. Akawa anaalisha vya mkono wa kushoto tu kwa miaka 50 hivi, wa kulia akiuacha. Mwaka 1998 alitangaza kwamba hakuna mkono hata mmoja uliougua. Mtu mmoja si ushahidi mkubwa, lakini ukaidi wake umenifurahisha.

Kwa hiyo, msomaji, usijiulize kama kiungo kinalia. Jiulize kama kinauma. Hata maumivu nayo si ya aina moja. Mapaja yakiuma yote mawili kesho yake na kesho kutwa, hiyo ni misuli iliyozoea kukaa, na itatulia. Lakini goti likichoma kwa ndani, likivimba, likikwama lisikunjuke, au likikuangusha ukishuka ngazi, mwone daktari. Kiungo kikivimba na kuwa chekundu na cha moto huku una homa, usingoje hadi Jumatatu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kosa la jirani yangu lilikuwa kuanza na kuchutama mpaka chini, juu ya sakafu ya saruji, mwili ukiwa bado baridi. Anza kwa kutembea papo hapo dakika tano. Kisha chukua kiti imara, kiegemeze ukutani, uketi na kuinuka polepole mara nane, magoti yakielekea vidole vya miguu wala yasilaliane ndani. Ukiwa umeketi, nyoosha mguu mmoja mbele, hesabu hadi tano, ushushe. Zoezi hili huimarisha misuli ya paja, ambayo ndiyo inayolibebea goti mzigo. Usizuie pumzi, hasa ukiwa na presha. Kurukaruka kutangoja. Asubuhi ya pili goti likiuma kuliko jana, punguza nusu, usiache kabisa.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lilisema mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma. Zigawanye utakavyo, hata kumi kumi zinahesabika.

Jirani yangu alirudi kwenye mazoezi, kwa kiti safari hii, na vidonge vyake hajaacha. Alipopimwa mara ya mwisho presha ilikuwa imeshuka. Goti bado linaalika. Kitinda mimba wake huketi kando ya mkeka akihesabu milio, na wakifika nane humwambia, "Mama, umemaliza."