Degedege Haingoji Maji Kujaa

Katika vijiji vya delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, ambako safari ya zahanati aghalabu hutegemea mtumbwi, na mtumbwi hutegemea maji kujaa, mzazi hana nafasi ya kungoja alfajiri ndipo apate yakini. Mtoto akishikwa na degedege, akashindwa kunyonya au kunywa, akatapika kila apewacho, au akalegea hata asiamke, hiyo ni dharura, wala haifai kumtanguliza mganga kwa itikadi kwamba sindano humuua mwenye degedege, ilhali mara nyingi nyuma yake mna malaria kali. Nami nasema bila hofu: chombo cha kuvusha wagonjwa usiku ni wajibu wa serikali, wala si hisani, na mama aliyezuiwa na maji kupwa asilaumiwe kwa kuchelewa.