Gambiti: Ngwara au Mtaji?

Wahenga walinena kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Katika sataranji, usemi huu una mtihani wake. Mchezaji hutoa askari mwanzoni mwa mchezo, bila kulazimishwa, akitumaini kupata kilicho bora zaidi. Ufunguzi wa aina hiyo huitwa gambiti, istilahi iliyotumiwa na kasisi Mhispania, Ruy López, katika kitabu chake cha mwaka wa 1561. Asili yake ni neno la Kiitaliano lenye maana ya kupiga ngwara. Makala haya yanashikilia kwamba asili hiyo imewapotosha wengi. Gambiti thabiti si ngwara, ni mtaji.

Tuchukue mfano wa Gambiti ya Englund. Mweupe anapofungua kwa kumsogeza askari hadi d4, Mweusi humjibu kwa askari wa e5, ambaye huliwa papo hapo. Baadaye malkia mweusi hutoka mapema, akamtishia shaha na kumla askari wa b2. Mweupe akikosea kwa kumpeleka askofu c3, hunaswa, na huenda shaha wake akafa katika hatua ya nane. Lakini akimpeleka farasi c3 badala ya askofu, mtego mzima huporomoka: malkia mweusi amezurura peke yake, ilhali jeshi la Mweupe limekwisha kujipanga. Gambiti hii basi haina faida yoyote isipokuwa kosa la mpinzani. Hiyo ndiyo ngwara.

Watetezi wake wana hoja. Wanasema kwamba wachezaji wa kawaida hukosea, hasa saa inapowakimbiza, na kwamba ushindi ni ushindi. Ni kweli. Hata hivyo, hoja hiyo inathibitisha udhaifu wa mpinzani tu, wala haithibitishi uthabiti wa ufunguzi. Aidha, mtego humfaa mtegaji hadi siku unapojulikana. Njia ya mwongo ni fupi.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kila kisicho cha kawaida ni kibovu. Mwaka wa 1960, Bobby Fischer alishindwa na Boris Spassky aliyetumia Gambiti ya Mfalme. Mwaka uliofuata, Fischer alichapisha makala akidai kuwa ufunguzi huo umevunjwa kabisa. Mwaka wa 1963 akautumia mwenyewe. Naye Garry Kasparov, mwaka wa 1995, aliifufua Gambiti ya Evans, iliyokuwa imepuuzwa na mabingwa kwa miongo mingi, akamshinda Viswanathan Anand kwa hatua 25. Katika gambiti hiyo askari hutolewa, lakini Mweupe hupata muda na uwanja wa kati hata mpinzani anapojibu vyema. Kigezo basi si mazoea. Kigezo ni swali moja: mpinzani asipokosea, mtoaji amebaki na nini?

Mkulima wa chai wa Kericho na Bomet analielewa swali hili bila kugusa ubao. Kila baada ya miaka michache huupogoa mchai wake na kukubali kukosa mavuno kwa miezi kadhaa. Mpita njia huona hasara. Mkulima anajua kwamba machipukizi yatakuja, wala hahitaji jirani yake akosee ndipo afaidike.

Kwa nini jambo hili liwashughulishe watu wa Mulot, mji ulio mpakani mwa Bomet na Narok? Ni kwa sababu vyombo vya habari nchini Kenya vimelihusisha jina la mji huo na ulaghai wa simu, hata wakazi wengi wanaoishi kwa jasho lao wakabebeshwa lawama isiyo yao. Simu iyo hiyo sasa inaweza kumfundisha kijana sataranji, na mara nyingi video za mitego ndizo humfikia kwanza. Akifunzwa kwamba akili ni kumvizia mwenziwe akosee, ubao utakuwa umemwongezea hila tu. Akifunzwa kupima anachotoa na anachopata, atakuwa amepata elimu itakayomfaa nje ya ubao. Mwalimu asimkataze gambiti. Amwamuru aicheze upande wa pili pia, ajibu vyema, kisha aone kilichosalia.

Wanafasihi nao wana la kujifunza. Euphrase Kezilahabi alipochapisha *Kichomi* mwaka wa 1974, alitoa vina na mizani, na wengi wakaona hasara tupu. Uamuzi wa haki haukuhitaji kuuliza iwapo alivunja kaida, bali iwapo alichopata kilikilipia alichotoa. Mshairi chipukizi anayeacha vina ili awashangaze wasomaji tu anapiga ngwara. Anayeviacha kwa sababu wazo lake linadai nafasi ambayo vina haviwezi kulipa, huyo ameweka mtaji. Kutoa ni moyo, naam. Lakini moyo usioandamana na hesabu hufilisika mapema.