Kilomita Zile Zile, Saa Tofauti
Kutoka Nairobi hadi New York ni takriban kilomita 11,800, iwe unakwenda au unarudi. Hata hivyo, Kenya Airways ilipoanza safari ya moja kwa moja Oktoba 2018, ratiba ilitaja saa 15 za kwenda na 14 za kurudi. Sababu kubwa ni upepo. Huko juu zinakopita ndege, pepo kali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Anayekwenda Marekani hupambana nazo, anayerejea husukumwa nazo. Kabla ya safari hiyo ya moja kwa moja, abiria alilazimika kubadilisha ndege njiani, Ulaya au Ghuba kwa mfano, na kungoja kiwanjani kuliweza kuifanya safari imalize siku nzima. Kwa bibi anayekwenda kumwona mjukuu, tena magoti yanamuuma, kuepushwa na kungoja huko ni nafuu kubwa kuliko kasi ya ndege yoyote, na ndiyo maana naithamini sana njia hii. Kisha kuna tofauti ya saa: New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa saba wakati wa kiangazi chao na nane wakati wa baridi, kwani Wamarekani husogeza saa zao, sisi hatusogezi. Ndugu msomaji, saa zilizoandikwa kwenye tiketi ni za mji husika. Hesabu tofauti hiyo kwanza, ndipo uwaambie walio nyumbani waanze kungoja simu yako saa ngapi.